Kutunza mwili ukiwa mgeni Chanthaburi, Thailand: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo wageni wa Afrika Mashariki walioko Chanthaburi huulizana kila mara: wanaoleta mawe ya vito kutoka Mahenge, Tunduru na Taita Taveta, walimu wa Kiingereza, na wanafunzi. Mji uko kusini-mashariki mwa Thailand, kilomita 245 hivi kutoka Bangkok. Majibu mengi hapa chini yanaegemea jambo moja: panga saa kwanza, mahali utapapata.

## Mambo ya mwanzo

Nyumbani sikuwa nafanya mazoezi na mwili ulikuwa sawa tu. Mbona huku nanenepa?

Nyumbani ulikuwa unatembea bila kuhesabu. Ulikwenda kituo cha daladala kwa miguu, ukazunguka sokoni, ukapanda ngazi, ukarudi na mizigo mikononi. Hapa kila mtu ana pikipiki na huiwasha hata kwenda duka lililo mtaa wa pili. Njia za waenda kwa miguu zipo, ila zimejaa nguzo, meza za wauza chakula na pikipiki zilizoegeshwa, kwa hiyo mgeni naye huacha kutembea baada ya siku chache.

Kazi yenyewe pia ni ya kukaa. Soko la vito huchangamka Ijumaa hadi Jumapili. Mnunuzi hukodi meza, anakaa na tochi yake, lenzi na mizani, na madalali wanamjia na vifurushi vya mawe mmoja baada ya mwingine. Mtu anaweza kukaa tangu asubuhi hadi alasiri asiinuke ila kwenda chooni, na pembeni yake kuna kikombe kikubwa cha chai ya maziwa yenye barafu. Siku nyingine za wiki ni za kusubiri simu. Mwalimu anatoka kwenye meza ya shuleni anaingia kwenye meza ya kusahihishia madaftari.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kurudisha ule mwendo wa kila siku. Egesha pikipiki mbali na soko. Inuka kila dalali anapoondoka, nyoosha mgongo, zunguka meza. Chukua chumba ambacho kutoka hapo unaweza kutembea hadi sokoni au bustanini. Mwenye kufanya haya hata kabla ya kugusa chuma ameshapiga hatua kubwa.

Wiki ya kwanza nianze na nini?

Tembea alfajiri, dakika 30, basi. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea kufanya kazi kwenye joto hili: moyo, jasho na damu vyote hujipanga upya. Aliyetoka Dar, Tanga au Mombasa anaanza akiwa na nafuu. Aliyetoka Arusha, Nairobi au Kigali asijipime kwa kasi aliyoizoea kule, kwa sababu mbio zilezile huku zitampandisha mapigo ya moyo mapema sana. Baada ya wiki hizo mbili ongeza kidogo kidogo.

Nilipie jimu ya mwaka mzima?

Hapana. Jimu nyingi za miji midogo hupokea malipo ya siku au ya mwezi. Lipa siku moja, tena uende saa ileile utakayokuwa unakwenda kila mara, uone kama kuna msongamano, kama feni zinafanya kazi na kama vyuma vinatosha. Uliza wanafunga lini. Mkataba wa mwaka kwa mtu ambaye viza yake haijakaa sawa ni hasara ya kujitakia.

## Joto, mvua na hewa

Saa ngapi inafaa kufanya mazoezi?

Alfajiri, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili asubuhi, au jioni baada ya saa kumi na moja. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, likipishana kwa nusu saa hivi. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni usikimbie nje, hata kama kuna mawingu.

Mimi naipendelea alfajiri. Barabara ni tupu, mawe ya njiani hayajashika joto, na mbwa wengi bado wamelala. Jioni ina raha yake ya watu na muziki, ila lami inakuwa imekusanya joto la mchana kutwa na inalirudisha miguuni mwako.

Ukipewa miadi kwa maneno, sikiliza vizuri. Kuanzia saa moja usiku Wathai wengi huhesabu kama sisi: *nueng thum* ni saa moja usiku, *song thum* ni saa mbili usiku. Asubuhi wanafuata saa ya ukutani, kwa hiyo *hok mong chao*, ambayo ni sita, ni saa kumi na mbili alfajiri.

Nimekulia Pwani, joto nalijua. Nina haja ya kujihadhari?

Unayo. Kuzoea kuishi kwenye joto na kuzoea kukimbia kwenye joto ni mambo mawili. Hewa ya hapa imejaa unyevu, jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Kunywa maji kabla ya kiu. Mitaani kuna mashine za maji za sarafu, nenda na chupa yako. Ukitoka jasho zaidi ya saa moja, ongeza chumvi: pakiti za ORS zinapatikana kila duka la dawa kwa bei ndogo.

Kichwa kikiuma, ukasikia kichefuchefu au baridi ilhali jua linawaka, simama palepale, tafuta kivuli, jimwagie maji. Mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka au akianguka, hiyo ni dharura. Mpoze kwa maji mengi na upige 1669, namba ya gari la wagonjwa.

Mvua zikianza sitoki kabisa. Wenzangu mnafanyaje?

Mkoa huu ni miongoni mwa yenye mvua nyingi zaidi Thailand, zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, na nyingi hushuka kati ya Mei na Oktoba. Ukisubiri zikatike, umepoteza nusu mwaka. Lakini mara nyingi mvua hizi hupiga kwa nguvu kisha zinakatika, na alasiri ndiyo saa yake kuliko alfajiri. Hiyo ni sababu nyingine ya kuamka mapema.

Kwa siku ambazo hazikatiki, weka mpango wa ndani: kuruka kamba chini ya paa, ngazi za jengo unaloishi, pushapu, skwati, au badminton kwenye kumbi (angalia sehemu ya michezo). Radi ikianza ondoka uwanjani na usijifiche chini ya mti. Kuhusu maji yaliyotuama, soma sehemu ya afya.

Moshi wa Thailand tunaousikia unafika huku?

Kaskazini, kama Chiang Mai na Chiang Rai, ndiko unakobana sana kati ya Februari na Aprili, mashamba na misitu inapochomwa. Chanthaburi iko karibu na bahari na ina nafuu, ingawa miezi ya kiangazi zipo siku mbaya. Pakua Air4Thai, programu ya idara ya serikali ya kudhibiti uchafuzi, uangalie kabla ya kutoka. Mwenye pumu asipuuze.

## Mahali na michezo

Bustani ya Mfalme Taksin ina nini hasa?

Ina karibu kila unachohitaji, na ni bure. Ni bustani kubwa yenye ziwa, njia ya kuzunguka, kivuli, na sanamu ya Mfalme Taksin juu ya farasi. Mwaka 1767 aliuteka mji huu kabla ya kwenda kuikomboa Ayutthaya, mji mkuu wa wakati huo uliokuwa umetekwa na Waburma, na simulizi husema aliamuru askari wake wavunje vyungu vyote vya kupikia, chakula cha asubuhi wakakile ndani ya mji au wafe na njaa.

Jioni ndipo utaiona ilivyo. Wazee wanatembea wawili wawili mikono ikiwa nyuma, watoto wa shule wanakimbia na sare zao, vijana wananing'inia kwenye vyuma. Spika kubwa inawashwa, mwalimu wa aerobiki anapanda mahali pa juu, na kina mama wa miaka 60 na zaidi wanapanga mistari nyuma yake. Wanazijua hatua zote, na wanamaliza kipindi kizima wakati kijana aliyesimama mstari wa nyuma ameshika kiuno.

Naweza kujiunga na aerobiki hata kama sijui Kithai?

Jiunge. Simama nyuma, fuata miguu ya aliye mbele yako. Ukifika siku tatu mfululizo watakusogeza mbele wenyewe. Kwa mgeni asiyejuana na mtu, hapa ndipo urafiki unaanza, na watu wakikuzoea utakuwa na sababu ya kutoka nyumbani hata siku ambayo mwili hautaki.

Saa kumi na mbili jioni wote wamesimama ghafla. Kulikuwa na nini?

Wimbo wa taifa. Hupigwa kila siku saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Simama, mikono pembeni, kaa kimya hadi uishe, kisha uendelee na mbio zako. Usiupite ukikimbia, hata kama unapima muda.

Muay Thai, ndondi za Kithai, inamfaa mtu asiyewahi kupigana?

Inamfaa sana, na huku utaikuta bila mapambo ya watalii. Vijana wa kambi hufanya mazoezi mara mbili kwa siku, na kipindi cha alasiri ndicho rahisi kwa anayeanza. Utaruka kamba, utapiga hewa, utapiga gunia, kisha kocha anavaa pedi na kukuita ulingoni. Raundi ni dakika tatu hadi tano. Anainua pedi, unapiga teke kwa muundi, si kwa unyayo, na kabla hujashusha mguu pedi ya pili imeshakaa tayari. Raundi ya kwanza utaona ni mchezo. Ya pili utaelewa kwa nini mabondia hawa wana mwili ule.

Yapo ya kuzingatia. Vua viatu. Wasalimu waliopo kwa *wai*, viganja pamoja na kichwa kuinama kidogo, ukianza na mkubwa kwa umri. Usimvuke mtu aliyekaa chini wala vifaa vyake. Uliza bei kabla ya kufunga bendeji. Na wakikuambia upigane na mwenzako mwezi wa kwanza, kataa kwa heshima: pedi na gunia vinatosha. Miundi itauma wiki za mwanzo, hilo ni la kawaida. Mkojo mweusi si wa kawaida, angalia sehemu ya afya.

Mimi ni mwanamke. Kuna vizuizi?

Bustanini, kwenye jimu na kwenye mbio hakuna. Wanawake ndio wengi jioni. Kwenye muay Thai, baadhi ya kambi za zamani huwa na ulingo ambao mwanamke haruhusiwi kupanda, au anapita chini ya kamba ya mwisho badala ya juu. Uliza kabla ya kulipa. Usipopenda utaratibu wao, tafuta kambi nyingine, zipo zinazofundisha wanawake kila siku.

Fulana na suruali ya mazoezi hazimshangazi mtu. Anayevaa hijabu avae ya kitambaa chepesi kinachokauka haraka. Ufukweni Wathai wenyewe wengi huogelea na fulana na kaptura, kwa hiyo anayejistiri hatakuwa peke yake.

Mpira je?

Viwanja vya nyasi bandia hukodishwa kwa saa, timu hugawana gharama. Ukionekana kuwa na mguu utapata timu. Lakini usiidharau badminton. Nchi hii ina bingwa wa dunia wa mwaka 2023, Kunlavut Vitidsarn, aliyepata pia medali ya fedha Paris 2024, na kumbi za mchezo huu ziko karibu kila mji. Kuna pia sepak takraw, mchezo wa wavu unaochezwa kwa miguu na kichwa. Utazame kwanza, kiuno kitakushukuru.

Nataka baiskeli na milima. Niende wapi?

Barabara ya pwani ya Chaloem Burapha Chonlathit, inayopita karibu na fukwe za Khung Wiman na Chao Lao, ina njia ya baiskeli na upepo wa bahari. Mahali pa kuangalia mandhari panapoitwa Noen Nang Phaya pana kona na mwinuko wa kutosha. Magari huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, hilo halitakusumbua. Valia kofia ngumu, weka taa nyuma. Siku za Songkran, mwaka mpya wa Kithai, Aprili 13 hadi 15, acha baiskeli nyumbani: walevi ni wengi barabarani na watu hurusha maji kutoka kwenye magari.

Kwa kupanda, kuna hifadhi ya maporomoko ya Phlio karibu na mji, ambako mgeni hulipa kiingilio kikubwa kuliko Mthai. Mlima Khao Khitchakut hufunguliwa kwa mahujaji wa Kibuddha kwa miezi miwili hivi mwanzoni mwa mwaka. Magari hupandisha watu sehemu kubwa, kipande cha mwisho ni miguu. Ni mahali pa ibada, vaa kwa staha.

## Chakula

Nakula wali na mboga tu, chakula kidogo. Uzito unatoka wapi?

Kwenye sukari. Tazama meza ya muuza tambi: kuna vikopo vinne, pilipili ya unga, pilipili ndani ya siki, mchuzi wa samaki, na sukari nyeupe. Mthai anaweka sukari kwenye tambi za mchuzi kama sisi tunavyokamua ndimu. Iko kwenye *som tam*, saladi ya papai bichi, kwenye mchuzi wa kuchovyea nyama, na zaidi ya yote kwenye chai na kahawa, ambazo huongezewa maziwa mazito ya kopo.

Jifunze maneno mawili: *mai wan*, isiwe tamu, na *wan noi*, tamu kidogo. Kwa wali sema *khao noi*, wali kidogo. Samaki wa kuchoma kwa chumvi, *pla phao*, na kuku wa kuchoma wapo kila soko la jioni, na mayai ya kuchemsha yapo kwenye maduka madogo usiku na mchana. Kina mama wauzaji hawachoki kusikiliza. Mwambie mmoja kila siku *mai wan*, wiki ijayo atakuandalia bila kuuliza.

Msimu wa duriani nimeshindwa kujizuia. Ni tatizo?

Chanthaburi ndiyo kwao, na kuanzia Aprili au Mei zinajaa kila barabara. Gramu 100 zina kalori 150 hivi, na sukari nyingi, kwa hiyo vipande vichache vinachukua nafasi ya mlo mzima. Kula kama mlo, si baada ya mlo. Mwenye kisukari apime, mwenye ugonjwa wa figo aache kwa sababu ya potasiamu, na usichanganye na pombe. Wenyeji humalizia na mangostini, nami naona ni desturi nzuri.

Nguruwe simli. Nitapata protini?

Utapata: mayai, kuku, samaki, kamba, tofu. Ugumu ni mchuzi na mafuta, kwa sababu kitimoto huingia kwenye supu nyingi za tambi. Tafuta nembo ya halali kwenye vifurushi na vibanda vya Waislamu, na sema *mai sai mu*, usiweke nguruwe.

Kuna vidonge vya kupunguza uzito vinauzwa mtandaoni. Vinafaa?

Usivinywe. Baadhi ya vidonge vya namna hii vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Kwa unga wa protini, angalia alama ya mamlaka ya chakula na dawa, herufi อย. na namba ya tarakimu 13, na nunua dukani kuliko kwa mtu usiyemjua.

## Afya na hatari

Mbwa wa mtaani wananifukuza nikikimbia.

Acha kukimbia. Simama, usimgeuzie mgongo, rudi polepole. Ukijifanya unaokota jiwe wengi hurudi nyuma. Kisha badilisha njia, kwa sababu mbwa hulinda eneo lao na kesho watakuwa palepale.

Akikung'ata, au akilamba kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na uende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa bado kipo Thailand, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Chanjo ipo, nayo ni ya sindano kadhaa: maliza zote. Hospitali kubwa ya serikali mjini ni Phra Pok Klao.

Mbu wa saa za mazoezi ni hatari?

Ndiyo, wa homa ya dengi huuma mchana, hasa asubuhi na kuelekea jioni. Paka dawa kabla ya kutoka. Ukipata homa kali, macho na viungo vikiuma, tumia parasetamoli, usitumie aspirini wala ibuprofeni mpaka upimwe.

Naweza kukimbia kwenye maji ya mafuriko?

Usifanye hivyo, hasa ukiwa na mchubuko mguuni. Homa ya mgunda, inayotoka kwenye mkojo wa panya na mifugo, huingia kwa njia hiyo. Ukilazimika kupita, osha miguu mara moja, na ukipata homa siku zinazofuata mwambie daktari kwamba ulikanyaga maji.

Baada ya mazoezi mkojo umekuwa na rangi kama kola. Nisubiri?

Usisubiri, nenda hospitali leo. Huenda misuli imevunjika kupita kiasi na figo ziko hatarini. Huwapata zaidi wanaorudia mazoezi kwa pupa baada ya muda mrefu, kwenye joto, bila maji.

Hapa sisi tuna jambo letu. Watu wengi wa Afrika Mashariki wamebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kujua, kwa sababu hawaumwi. Mazoezi makali ya ghafla kwenye joto yanaweza kuwaangusha. Kama kwenu kuna mgonjwa wa selimundu, pima damu, kipimo kipo hospitali yoyote kubwa. Ukiwa nacho huna haja ya kuacha mazoezi: anza taratibu, pumzika katikati, kunywa maji, na miguu ikilegea au kuuma isivyo kawaida usijikaze.

Nina presha. Nifanyeje?

Endelea na dawa, tembea kila siku, usibebe vyuma vizito huku umezuia pumzi. Mashine za kujipimia ziko kwenye kumbi za hospitali. Dawa zetu zina majina tofauti huku, kwa hiyo njoo na jina la kitabibu la dawa, si la kibiashara.

## Hali za pekee

Ramadhani nifanye mazoezi lini?

Urefu wa siku haupishani sana na wa kwetu. Tembea taratibu saa ya mwisho kabla ya futari, au fanya mazoezi mazito zikishapita saa mbili tangu ule. Mbio za alfajiri ziache mpaka mwezi uishe.

Watu wananikodolea macho, wengine wananipiga picha. Nimeacha kutoka.

Inaudhi, na una haki ya kuudhika. Mara nyingi ni ushangao, mtu anaweza hata kukuambia usoni kuwa umenenepa bila nia mbaya. Kinachosaidia ni saa ileile na mahali palepale kila siku. Mgeni anayekimbia leo huku kesho kule anabaki mgeni kila mahali, lakini anayezunguka ziwa lilelile saa ileile, baada ya wiki chache watu wanampungia mkono. Ukiombwa picha unaweza kukataa kwa tabasamu na kiganja. Na ukianza, nenda na mwenzako.

Nataka kukimbia au kupanda misitu ya upande wa Kambodia.

Kwa sasa hapana, si kwa mazoezi. Wilaya za mpakani kama Pong Nam Ron na Soi Dao zimekuwa na wasiwasi wa usalama tangu mapigano ya Julai 2025 kati ya nchi hizi mbili, na misitu ya mpaka ina malaria. Kama una safari ya lazima, uliza polisi wa watalii, 1155.

Ninakimbia vizuri. Naweza kushindana, au kufundisha watu kwa malipo?

Kushiriki mbio kama mtu wa kawaida, jiandikishe tu. Mbio nyingi huanza gizani kabla ya jua, na kinachoitwa *mini marathon* ni kilomita 10 hivi. Soma masharti ya zawadi, kwa sababu baadhi ya waandaaji hutenga zawadi za Wathai na za wageni. Kufundisha ni jambo jingine: kuendesha darasa, kushika pedi kwa malipo au kupigana ulingoni kwa fedha ni kazi, na kazi inataka kibali. Viza ya utalii haitoshi, na ya mwanafunzi pia haitoshi. Mwalimu mwenye kibali asidhani kinamruhusu kila kitu, kibali kimeandikwa kazi na mwajiri. Uliza ofisi ya kazi ya mkoa kabla ya kupokea baht ya kwanza.